Nakala ya Shamba la Mama Mdogo

Mimi sina subira, na watu wa Garsen wanalijua hilo. Nikimwambia mtu ahifadhi kazi yake kwenye kompyuta, mara ya kwanza nasema kwa adabu, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu namwondoa kwenye kiti. Kwa hiyo msitarajie nisimulie kwa upole habari za kompyuta ya ushirika na shamba la mama mdogo. Upole niliokuwa nao ulikwenda na maji.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea kijijini Hewani, ndani ya nyumba ya udongo yenye harufu ya ndizi mbivu mwaka mzima. Mumewe alifariki nikiwa shule, na yeye hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Alibaki na ukanda wa shamba kando ya mto na mashemeji wawili waliokuwa wakipita kila msimu kumkumbusha, kwa tabasamu, kwamba shamba lile ni la ndugu yao. Alikuwa akiwapa ndizi na kuwatakia safari njema. Wakishageuka, ananiambia, "Mla nawe hafi nawe, mwanangu," kisha anarudi kupalilia.

Kwetu shamba si mraba. Ni ukanda mwembamba unaoanzia majini, unapanda ukingo, unashuka bondeni penye tope jema, halafu unaendelea mpaka nyika inapoanza. Ukiwa na ncha ya majini, unakula. Ukinyang'anywa ncha hiyo ukaachiwa kipande cha nyuma, umepewa vumbi ulilime.

Nilisomea kompyuta Mombasa, nikarudi Garsen kuajiriwa na ushirika wa wakulima. Tulikuwa tukiuza maembe na ndizi za vijiji vya mtoni: Hewani, Kulesa, na wenzetu wa mbali huko Ndera. Mnunuzi mkubwa wa maembe akaweka sharti kwamba ajue kila tunda limetoka shamba gani. Shirika moja likatuazima vifaa vya kupimia, vile vinavyoongea na setilaiti, nasi tukazunguka mashamba yote tukinasa kila pembe ya mpaka. Tulipomaliza, vifaa vikarudi kwa wenyewe. Vipimo vikabaki kwenye mashine yetu.

Kamati iliamua kuandikisha jina la anayelima, si jina la ukoo. Sijui ni nani aliyelisema hilo kwanza, Mungu ambariki. Siku ya kupima shamba la mama mdogo, yeye alivaa leso mpya na kutangulia mbele yangu pembezoni mwa mpaka. Alinionyesha safu ya migomba aliyoipanda mumewe, akanionyesha mkuyu, kisha akaingia majini mpaka kwenye goti. "Hapa ndipo linapoanzia," akasema. "Andika hapa." Mashemeji walisimama kando na mikono nyuma. Hawakusema kitu kwa sababu mwenyekiti na watu wa mnunuzi walikuwepo.

Jioni ile aliniuliza kama karatasi ikipotea itakuwaje. Alikuwa amepewa cheti chake, akakikunja na kukitia ndani ya sanduku la bati. Nikamwambia karatasi ni ya kutazama tu. Hata nyumba ikienda, mashine inakumbuka. Akacheka kwa furaha. Sikuwahi kumwona akifurahi namna ile tangu mumewe azikwe.

Mashine yenyewe haikukaa mezani. Wanakamati hawakuaminiana hata kidogo. Hewani waliogopa Kulesa wangesogeza mipaka, Kulesa wakawaogopa Hewani, na Ndera, kwa kuwa walikaa mbali, walitushuku sote. Basi fundi wa kuchomelea akaitwa, akatengeneza kizimba cha nondo, akakifunga sakafuni kwa saruji, na kila kijiji kikaleta kufuli lake. Makufuli matatu, funguo kwa watu watatu. Mimi nilifanyia kazi nje ya kizimba, kwenye skrini, waya zikipita katikati ya nondo. Kutoa nakala kulitaka kizimba kifunguliwe, na kizimba hakifunguliwi mpaka wenye funguo wasimame pamoja. Niliwaambia hiyo ni jela. Mwenyekiti akanijibu kwamba afadhali jela kuliko ugomvi.

Halafu mnunuzi akataka tuwe na mpango wa kujikwamua baada ya majanga. Akatuletea mkufunzi kutoka Nairobi, kijana mpole aliyechomwa na jua letu mpaka nikamwonea huruma. Alifundisha vizuri, lazima niseme. Alituuliza, ofisi ikiungua kesho, nani atampigia nani? Kazi ipi itarudi kwanza? Ushirika unaweza kukaa bila mashine kwa muda gani kabla haujafa? Mzee mmoja wa Kulesa akauliza, "Atakayeiunguza ni nani?" Watu wakatazamana, maana kila mtu alikuwa na jina kichwani.

Mkufunzi akafika kwenye suala la nakala. Akasema bekapu moja ikae mbali na ofisi.

"Mbali kiasi gani?" mwenyekiti akauliza.

"Mbali kiasi kwamba janga likipiga hapa, kule lisifike."

Sasa hapa inabidi nieleze jambo. Sisi watu wa mtoni, mbali kwetu ni juu au chini. Mtu akirudi safari tunamuuliza, umetoka juu? Mbuzi akipotea tunauliza, ameelekea juu au chini? Nyika iliyo nyuma ya migongo yetu hatuihesabu kama mahali. Ni pa wenye ng'ombe, ni pa fisi. Kwa hiyo mwenyekiti alipotafuta mbali, akili yake ilipanda mto moja kwa moja mpaka mwisho wa watu wetu.

"Ndera," akasema.

Wote wakaitikia. Ndera ni mbali, hakuna wa kubisha. Mkufunzi akafungua ramani kwenye simu yake, akaona umbali ulivyo, akaridhika. Alikuwa mgeni. Angejuaje?

Mimi nikasimama. Nikasema Ndera na sisi tunakunywa maji yale yale. Mto ukifura, unaanzia kwao, unamalizia kwetu. Mwenyekiti akaniuliza tangu lini kompyuta ikanywa maji, na watu wakacheka. Nikangoja wamalize. Nikawaambia kuna duka kule nyikani, kwenye barabara ya kuelekea Malindi, la Muorma mmoja anayeuza dawa za mifugo. Ana umeme wa jua, ana kabati la chuma linalofungwa. Pale hakuna aliyewahi kuona maji ya mto, labda ndani ya mtungi. Nilikuwa nimeshamuuliza mwenyewe, naye alisema, "Leta tu, dada, nitaiweka na chanjo."

Kicheko kikakatika. Waorma ni wenye ng'ombe, sisi ni wenye majembe, na kati yetu kuna malka. Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa maji. Kila malka inapita katikati ya mashamba ya watu, na kwa ajili ya njia hizo tuliwahi kumwaga damu, wao na sisi, mpaka vijiji vya pande zote mbili vikawa majivu. Katika kupima mashamba tulizipima na malka, maana huwezi kuchora ukanda bila kuchora kinachoukata. Zote zilikuwemo ndani ya mashine, hata zile ambazo watu wetu walikuwa wamezibana kwa mahindi kidogo kidogo.

"Unataka tumpe mwenye ng'ombe ramani yetu ailalie?" akauliza mmoja.

Nikasema imefungwa kwa neno la siri, hawezi kuisoma.

"Neno hilo analo nani?"

"Mimi."

"Na wewe bei yako ngapi?"

Nilimjibu jambo ambalo siwezi kuliandika hapa, mama mdogo angenifinya. Mwenyekiti akanikalisha chini.

Na mtandaoni? Hilo hawakutaka hata kulisikia. Waliwahi kuja wageni na ramani zao zilizochorwa huko kwao, wakitaka kupanda miwa juu ya ardhi tunayolala. Tangu hapo, ukitaja ramani na ukataja kuitoa nje, watu wanatafuta panga. Sikuwalaumu kwa hilo. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila unaposhtukia kila kitu, mwisho unakaa juu ya nyoka mwenyewe.

Basi nakala ikapelekwa Ndera, diski ndogo inayoenea kiganjani, ikakabidhiwa katibu wa kule. Alikuwa mtu mwaminifu, sina neno naye. Mpango ukapigwa chapa, ukabandikwa ukutani, mnunuzi akaupiga picha. Ulikuwa mzuri kuutazama.

Miaka ya ukame ikapita juu yetu. Ng'ombe wa Waorma walikufa wakaachwa kando ya barabara, na hata sisi wa mtoni tulichimba mchanga kutafuta maji. Kisha mvua ikaja, na nyingi ya mvua hiyo haikuwa yetu. Ilinyesha huko juu milimani, mto ukatuletea kama unavyotuletea kila kitu, bila kuuliza kama tunataka.

Ndera walikuwa wa kwanza. Katibu alinipigia simu akihema. Alisema maji yamefika uani lakini nisiwe na wasiwasi, amekwishaipandisha. Nikajua amefanya nini, kwa sababu ndivyo tufanyavyo sote. Sisi tukisikia maji yanakuja hatuhami, tunapandisha. Mahindi ya mbegu yanapanda darini, godoro linapanda, kuku wanapanda, na mtoto mdogo anapanda. Mtu anahama akiona maji yameligusa godoro. Babu zetu walifanya hivyo wakapona, na mafuriko yao yalikuwa ya kuja na kuondoka. Katibu alikuwa ameitia diski ndani ya mifuko ya plastiki, mmoja juu ya mwingine, akaifunga darini pamoja na mbegu.

"Itoe," nikamwambia. "Ivae shingoni uende nayo nyikani."

"Nyikani kwa nani, dada? Si mpango ulisema ikae hapa?"

Nyumba ya udongo haizami, inayeyuka. Ukuta unalainika kutoka chini, na dari linaloutegemea linashuka nao. Aliponipigia tena hakuwa akihema. Alisema, "Dada, dari limekwenda." Mtandao ukapotea hapo hapo, na sikumsikia tena mpaka msimu ulipokwisha.

Nikaenda kusimama mbele ya kizimba. Ofisi yetu ilikuwa upande wa chini wa mji, na umeme ulikuwa umeshakatika, nguzo zimelala. Kwa hiyo sikuweza kuiwasha mashine wala kunakili kitu. Ilibaki kuitoa tu kama ilivyo, niibebe kichwani. Ufunguo wa Hewani ulikuwepo. Ufunguo wa Kulesa ulikuwepo. Ufunguo wa Ndera ulikuwa Ndera, na barabara ya Ndera ilikuwa chini ya maji.

Nikamfuata yule yule fundi aliyekichomelea kizimba. Akaja na msumeno wa chuma, akapiga magoti, akaweka meno ya msumeno juu ya kufuli. Nikaona ni uungwana kumpigia mwenyekiti. Nikaweka simu kwenye spika ili mikono yangu iwe huru kushika nondo.

"Usikate," mwenyekiti akasema.

"Maji yako kwa jirani."

"Ukikata kufuli la Ndera leo, kesho watasema tulihamisha mipaka wakati wao wanazama. Subiri. Tutashauriana."

"Mtashauriana na nani? Wenyewe wako juu ya miti."

"Nimesema subiri."

Nikamwambia fundi akate, kesi yangu. Hakuinua macho. Akaufunga msumeno ndani ya gunia lake taratibu. "Dada, wewe una masomo, unaweza kwenda popote," akasema. "Mimi naishi hapa na hawa watu." Akaondoka. Nilizishika nondo nikazitikisa mpaka viganja vikatoka ngozi, nikatukana kila kijiji kwa jina lake, pamoja na changu. Fundi alikuwa fundi mzuri. Hakikutikisika.

Maji yaliingia polepole. Yalipita chini ya mlango, yakazunguka miguu ya viti, yakaingia kizimbani katikati ya nondo bila kuhitaji ufunguo wa mtu. Nilibaki mlangoni nikitazama mpaka majirani wakaja kunivuta.

Mama mdogo aliokolewa kwa boti, akaletwa kambini pale kando ya barabara kuu, kwenye maturubai. Nilimkuta amekaa juu ya jerikeni lililopinduliwa, amevaa fulana ya mwanamume nisiyemjua. Nyumba ilikuwa imekwenda. Sanduku la bati lilikuwa ndani ya nyumba. Hakuniuliza nimekula nini wala nimelala wapi, na yeye hajawahi kuacha kuniuliza hivyo tangu nikiwa mtoto.

"Shamba langu limo kwenye mashine?"

Nikamwambia tutaona.

"Ulisema inakumbuka."

"Nilisema, mama. Tutaona."

Maji yalipoondoka, Hewani haikuwa Hewani tuliyoiacha. Tope lilikuwa limeilalia nchi yote sawasawa, laini, limepasuka pasuka. Safu ya migomba haikuwepo. Mkuyu haukuwepo. Mto wenyewe ulikuwa umejisogeza, umekula ukingo huku na kuongeza ardhi kule, na watu wazima walisimama juu ya tope wakibishana mashamba yao yako wapi. Mashemeji hawakubishana. Walikuja na vigingi vilivyochongwa tayari. Wakasema shamba la ndugu yao halikuwahi kufika majini, lilianzia nyuma, pale nyika inapokaribia, na kwamba mjane alikuwa akilima mbele kwa hisani yao.

Wazee wa kijiji wakasema wasiharakishe. Mashine ya ushirika imepelekwa kwa mtaalamu, ikirudi itasema. Hiyo ilikuwa haki, na mimi nilifurahi kuisikia. Makufuli yalikuwa yamefunguliwa kwa heshima zote, watu watatu wamesimama pamoja, na tope likachotwa kizimbani kwa koleo. Nikaifungua mashine, nikatoa diski yake, nikaipeleka Mombasa mwenyewe nimeipakata.

Mama mdogo akangoja. Kila niliporudi kambini alikuwa anautazama uso wangu kabla sijafika. Wengine walingoja chakula, walingoja blanketi, yeye alimngoja fundi wa Mombasa. Alianza hata kumwombea dua, mtu asiyemjua jina.

Fundi akapiga simu. Alisema tope la mto ni laini mno, limepenya mpaka ndani na kukwaruza pale penye kumbukumbu. Nikamwomba ajaribu tena. Akajaribu tena, hakunifanyia ujeuri. "Hakuna kitu, dada," akasema. "Hata herufi moja."

Nikaenda kumwambia. Alikuwa akiosha sufuria kwa majivu.

"Hata jina langu?"

"Hata jina."

Akaendelea kuosha. Sufuria ilikuwa imeshang'aa, yeye anaendelea tu. Nililia pale mbele ya watu, si kwa huzuni peke yake, kwa hasira pia, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa. Yeye hakulia. Alisema, "Basi," akainamisha sufuria ikauke.

Wazee walikaa kanisani, kwa kuwa ndilo jengo lililobaki na paa. Nikatoa ushahidi. Nikasema niliutembea mpaka ule kwa miguu yangu, kifaa kikiwa mkononi, nyuma ya mama mdogo, mpaka majini. Shemeji mkubwa akainuka kwa adabu kabisa. "Huyu amelelewa naye," akasema. "Tulitegemea aseme nini?" Na lilikuwa swali la haki, hilo ndilo lililoniuma. Nikageuka kumtazama mwenyekiti, maana siku ya kupima alisimama pale pale. Mwenyekiti akasema alipima mashamba mengi mwaka ule, hakumbuki vizuri. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Mzee mmoja akamwambia mama mdogo, "Mwenye nguvu mpishe, binti yangu." Alisema kwa huruma kweli, nami huruma ile nitaichukia mpaka nife. Wakampa kipande cha nyuma.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Kumbe nilikuwa sijaona kitu.

Mnunuzi wa maembe alirudi, sharti lake ni lile lile. Vifaa vikaazimwa tena, mashamba yakapimwa upya juu ya tope, kila mtu akionyesha alipoweza kusimamisha kigingi. Kamati mpya ikachaguliwa, na shemeji mkubwa akawa mmoja wao. Mashine mpya ikaja. Safari hii hakuna aliyezungumzia kizimba. Mkufunzi mwingine akatumwa, akauliza lile lile swali, nakala itakaa wapi. Nikasimama nikasema maneno yale yale niliyoyasema zamani, kwa uchovu, mkono mmoja umeshashika mkoba ili nitoke wakianza kunitukana.

Shemeji mkubwa akainua mkono. "Mimi naona dada anasema kweli," akasema. "Ipelekwe kwa yule Muorma. Pale ni pakavu. Kitu kama hiki hakifai kupotea tena."

Wote wakakubali, hakuna hata aliyekohoa. Nilikaa chini taratibu. Nilielewa nikiwa nimeshakaa. Mara ya kwanza hawakuwa na cha kuhifadhi ila hofu zao. Sasa kila aliyesogeza kigingi alikuwa na kitu, na alitaka kidumu. Na malka? Malka hazikupimwa. Tope lilizifukia, watu wakapanda mahindi juu yake, na kwenye ramani mpya mashamba yamebanana bila nafasi ya kupitisha hata ndama. Hapakuwa tena na cha kumficha mwenye ng'ombe.

Niliingiza majina mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Nilipofika kwenye ukanda ule niliandika jina la shemeji mkubwa, herufi baada ya herufi, kwa kuwa kamati imeidhinisha na wazee wameamua na mimi nina mshahara. Kisha nikabeba nakala kwenda dukani.

Yule Muorma alikuwa ameketi nyuma ya kaunta yake. Kabati lilikuwa pale pale nilipoliona miaka ile, chupa za dawa zimepangwa, kavu. Aliipokea diski akaigeuza geuza.

"Malka yetu imo humu?"

Sikuweza kumdanganya. "Haimo."

"Mngeileta wakati ule ingekuwemo," akasema. Akasogeza chupa za chanjo, akaniachia nafasi. "Weka tu, dada. Ng'ombe wenyewe wamebaki wangapi?"

Mama mdogo siku hizi anaishi kwenye kile kipande cha nyuma, kwenye kibanda cha makuti. Hapati kitu pale, kwa hiyo anawapalilia mashemeji mbele, pale pale alipoingia majini na kuniambia niandike. Wanamlipa kwa chakula. Juzi alinijia Garsen na mkungu wa ndizi kichwani, amepumzika mara nyingi njiani, magoti hayamtii. Nilipoupokea nikamuuliza kwa mazoea, kama nilivyomuuliza maisha yangu yote, "Hizi za kwako, mama?"

"Za kwao," akasema. "Ila ni tamu."

Mpango wetu sasa ni mzuri kweli, na nausimamia kama inavyotakiwa. Kila msimu tunafanya jaribio. Nazima mashine ya ofisi, tunajifanya imezama, naenda dukani kuchukua nakala, narudi kuifungua kwenye mashine nyingine. Kanuni inasema nichague shamba moja lolote nilihakiki. Mimi huchagua lile. Linafunguka lote, pembe zote zimo, na ncha ya majini ipo, wazi kabisa, na juu yake jina la shemeji. Hakuna mafuriko yatakayolifuta. Naandika kwenye taarifa kwamba jaribio limefaulu, kwa sababu limefaulu.